Uliniambia Niseme Imo Kwenye Filamu

Shoga yangu Saada,

Salamu zikufikie huko kwenye nyumba yako ya udongo, Mola aipanue na kuitia nuru. Hujambo? Mguu je, umepoa? Nauliza kwa sababu ndiyo adabu ya barua, na nauliza pia kwa sababu nataka kujua. Mara ya mwisho nilipouosha ulikuwa umevimba mpaka kidole cha mwisho kimezama, nawe ukaniambia nisikaze kitambaa. Mimi mwili sijambo. Macho yameanza kukataa kutunga uzi kwenye sindano, magoti yanalia nikiinuka kwenye sijida, lakini huo ni umri tu. Hata wewe ungekuwa nao sasa.

Najua maiti hapelekewi barua, hupelekewa dua. Dua zako nazileta kila baada ya swala na sijaruka hata siku moja. Lakini dua ni ya kukuombea wewe. Haina mahali pa kusema niliyoyafanya mimi. Basi leo nimemwomba jirani kalamu, nimekaa kwenye jamvi nyuma ya nyumba, hapa Busia upande wa Kenya, na ungo wa mchele nimeusukuma pembeni. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la nne na chuo cha Kurani, basi. Utanivumilia.

Rukia alikuja jana.

Mwanao amekuwa mrefu kukupita, na ana mwendo wako ule wa kutanguliza bega. Amechumbiwa. Kijana ni wa watu wa malori, mcha Mungu, mama yake namjua. Ndoa ni Ijumaa hii inayokuja, hapa hapa Busia, kwa shangazi yake aliyemlea tangu siku ulipomvusha mpaka ukasema Uganda si mahali pa kulea msichana. Alinishika mikono yote miwili, akasema, "Mama Sudi, siku hiyo nataka wewe ndiye ukae kwenye mkeka wa mama. Shangazi amekubali. Wewe ndiye uliyemuuguza mama, wewe ndiye uliyemwosha. Hakuna mwingine."

Nikasema, "Inshallah, mwanangu." Kisha nikaingia jikoni nikajifanya napuliza moto.

Shoga, nitakaaje kwenye mkeka wako?

Niache nianzie mbali kidogo. Nikianzia penyewe nitakimbia, najijua.

Ule mwaka Wahindi walipofukuzwa, wewe ulilia kuliko watu wote Tororo. Ulikuwa yaya katika nyumba ya mwenye ukumbi wa sinema, umewalea watoto wake watatu mpaka ukawa unaota Kihindi. Mimi nilikuwa nakata tikiti mlangoni siku za onyesho la wanawake. Wakaenda na masanduku mawili mawili. Nyumba yao akapewa afande, na ukumbi akapewa afande huyo huyo, na siku ya kwanza aliingia akatazama vile viti vyekundu kama mtu aliyepewa ngamia. Hakujua pa kuanzia. Akamwita Owori wa mashine ya picha, akamuuliza filamu ziko wapi. Owori akasema, "Afande, filamu iko nne tu. Ingine hakuna, na ya kuja hakuna."

Wewe ndiye uliyejitokeza. Ulisema, "Mtuachie Jumamosi saa nane mchana, wanawake peke yao kama zamani. Mimi nitaeleza."

Ukaeleza. Ya Rabi, ulivyoeleza! Unasimama kando ya kitambaa cheupe, kanga umeifunga kilemba, fimbo ya mwanzi mkononi, ukumbi umejaa. Wajapadhola wa sokoni na vikapu vyao mapajani, Wanubi na nguo zao za gurbaba za kutarizi, wake za wafanyakazi wa saruji, Wasamia waliopanda lori asubuhi kutoka Dabani. Kihindi chao kile hakuna aliyekijua ila wewe. Filamu zenyewe nne: ya wapenzi, ya mjane na wanawe, ya marafiki wawili, na ya jinni wa kisimani. Wiki ya kwanza, ya pili, watu walikuja kwa ajili ya picha. Lakini nne ni nne. Kufika mwezi wa tatu tulikuwa tumeshajua hadi mbwa anapita mara ngapi.

Hapo ndipo ulipoanza kuzigeuza. Siku ya jinni, yule mwanamke wa nguo nyeupe alipotoka kisimani anaimba, tukasubiri useme ni shetani anatafuta roho za vijana. Ukasema polepole, "Huyu ni mama. Mwanawe alizama humu, hakupata kuzikwa. Kila mwanamume anayepita anamuuliza, umemwona binti yangu?" Na kweli, ukitazama midomo yake, ukitazama anavyonyoosha mikono, ilikuwa hivyo hivyo! Filamu ya kutisha ikawa ya kuliza. Mama Adikini wa nyanya akapiga kelele kutoka nyuma, "Wewe Saada! Wiki jana si ulisema huyu ni shetani?" Nawe hukugeuka hata kumtazama. "Wiki jana nilikuwa sijamjua vizuri." Ukumbi ulicheka mpaka Owori akachungulia kwenye kitundu chake kuona kuna nini.

Tangu siku hiyo walikuwa wakinishika mlangoni: Mama Sudi, leo jinni ni nani? Leo wale marafiki watapatana ama watagombana? Ile ya wapenzi uliifanya mara moja kuwa ya kaka na dada, tukalia. Wiki nyingine ukaifanya ya kuchekesha, baba mkwe akawa kiziwi, tukashika mbavu. Picha ni zile zile. Mimi nilikuwa na wasiwasi wa dini, unakumbuka. Nilikuuliza njiani, Saada, huu si uongo? Ukasimama ukafikiri. Ukasema, "Uongo ni pale anayeambiwa hajui. Hawa wote wanajua."

Na siku nyingine, sokoni, hukuwa unacheka, ulinishika sikio kama mtoto. "Zena. Akija mtu akuulize habari ya maneno yangu, sema imo kwenye filamu. Filamu haifungwi. Rudia." Nikarudia: imo kwenye filamu. Ukaniachia sikio.

Basi, ile ya mjane. Kuna mahali yule tajiri mwenye masharubu anaingia nyumba ya mjane, mwenyewe akishatolewa nje, anakaa kitandani, anavua viatu, anachukua chungu anaonja. Kwa Kihindi sijui anasema nini. Wewe ukamwelekezea fimbo, ukasema, "Mtazameni. Kapewa nyumba ya watu, jiko lingali na moto."

Mtu mmoja akaanza kigelegele akakikatiza katikati kama aliyezibwa mdomo. Kila mmoja wetu alijua ni nani anapikia kwenye sufuria za watu, barabara gani, nyumba gani. Na mimi, Mungu shahidi, nilicheka. Nilicheka na hofu, lakini nilicheka.

Kufika Jumatatu neno liko sokoni. Akipita mtu na gari jipya, wauza nyanya wanaangaliana: jiko lingali na moto. Wakalitia kwenye Kijapadhola, wakalitia kwenye Kiteso. Baba Sudi aliniambia amelisikia hadi siku ya gulio Nagongera, na watu waliokuwa wakilisema hawajapata kuona sinema maishani mwao.

Nagongera. Hapo nimefika.

Wewe peke yako ndiye uliyejua. Nilikuambia kwako, mlango umefungwa, nikakuapisha. Kwamba nilikuwa nafua shati la mume wangu aliporudi safari na lori, nikaona kifungo cha tatu kimeshonwa kwa uzi mwekundu, na mimi nyumbani kwangu sina uzi mwekundu. Hivyo tu. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Baadaye ndipo nikasikia mke yuko Nagongera na ana mimba. Mimi ni mtu wa kumwaga ya moyoni, wewe unajua, hata muuza maziwa ananijua hadi ndoto zangu. Lakini lile nililikalia. Nilikuambia wewe na sikulia. Nilikuambia kwa macho makavu, nikasema, "Saada, lisitoke mdomoni mwako."

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya ile ya wapenzi. Msichana amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika shati la mwanamume, anaimba wimbo mrefu. Siku zote ulikuwa unasema anamkumbuka. Siku ile ukasema, "Anatazama kifungo. Kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Na yeye nyumbani kwake hana uzi mwekundu."

Nilisikia ukumbi mzima ukivuta pumzi. Aaaa! Mwanamke mmoja wa mbele akasema, "Huyo mwanamume apasuke kama tikitimaji!" Wengine wakaanza kulia, wanawake wazima, wanajifuta kwa ncha za kanga. Hakuna aliyenitazama. Hakuna aliyejua. Lakini mimi pale mlangoni, na bunda la tikiti mkononi, nilikuwa kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Ukatoka unang'aa. Ukaniuliza, "Umewaona?" Nikasema kichwa kinaniuma, nikaenda zangu.

Ningekuambia tu. Ningesema, shoga, umeniumiza. Miaka yote ile tulishaambiana makubwa zaidi. Nilinyamaza siku nne.

Siku ya nne, Jumatano, asubuhi jua limeshapanda, nafagia ukumbi. Akaja mwanamume mmoja. Saada, ningependa kukuandikia kwamba alikuwa na bunduki. Hakuwa nayo. Alikuwa na shati safi na mfuko wa ngozi, na sauti ya chini, na aliniamkia kwa heshima. Akasema, "Mama, mimi nauliza kitu moja tu. Hii maneno ya jiko, watu nasema kila mahali. Iko ndani ya filamu ya Wahindi, ama iko namna gani?"

Neno lenyewe lilikuwa la herufi tatu: imo. Ulikuwa umenifundisha mpaka sikio likaniuma.

Nikaegemea fagio, nikasema, "Hapana, bwana, haimo. Hayo ni ya Saada mwenyewe. Anajitungia. Filamu haisemi hivyo hata kidogo." Kisha, bila kuulizwa, nikaongeza, "Huyo hata mambo ya siri ya watu anayatia mle."

Hakuandika popote. Akashukuru. Akafungua mfuko wake akanipa sukari, imefungwa kwa karatasi ya kaki, yapata nusu kilo. Mwezi ule hata dukani kwa wakubwa sukari haikuwapo. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo. Ahsante, bwana. Mimi. Zena.

Nimejipa sababu nyingi miaka hii. Kwanza nilijiambia nilisema kweli, na dini yetu haitaki uongo, mimi nimefanya kosa gani? Sababu hiyo niliishi nayo kama mwaka mzima, nikaswali nayo. Ikachakaa. Nikasema basi ilikuwa hofu. Lakini sikuogopa, mtu alikuwa ananichekea. Nikasema nilikuwa nakusifu kipaji chako. Hapo hata mimi mwenyewe niliona haya. Kweli yenyewe ni ile ya kifungo. Nilitaka na wewe uaibike. Kidogo tu. Nilijiambia watakuita wakukaripie, ukome kuchezea mambo ya watu. Na mwaka ule, Saada, nani Tororo hakujua aliyeitwa huenda wapi? Nilijua. Nililifunika tu, kama mtu anayefunika chungu kilichochacha asisikie harufu.

Walikuja Jumamosi katikati ya ile ya marafiki wawili. Wanaume wawili wakaingia onyesho la wanawake bila hata kubisha, akina mama wakajitanda haraka haraka. Hukupiga kelele. Ulipita mbele yangu mlangoni, ukanipa fimbo yako, ukasema, "Zena, shika hii." Nikaishika. Gari likaondoka. Owori kule juu hakujua kitu, mashine inazunguka. Picha ziliendelea, midomo inacheza, na wanawake wote wamekaa wanatazama midomo, hakuna wa kusema wale watu wanaambiana nini.

Siku kumi na moja. Kisha mwenye baiskeli mmoja akakukuta kando ya barabara ya Malaba, akakupakia, akakuleta. Nilikuhamishia chumbani kwangu. Sitaandika nilichokiona nilipokuvua nguo, wewe unakijua, na karatasi hii huenda ikaonwa na mtoto. Uliishi siku sita.

Siku ya tano baada ya alasiri ulikunywa uji vijiko viwili. Ukanishika mkono. Ulisema, "Ile ya kifungo nilikukosea. Nilitaka tu uone ukumbi mzima unakulilia, maana wewe ulikuwa hujililii. Niwie radhi." Nikakuwia. Upesi, kwa moyo mkunjufu, kama mtu mwema! Kisha ukasema, "Wale walikuwa wanajua kila kitu. Sijui nani aliwaambia. Lakini namshukuru Mungu hawakukuuliza wewe. Wewe hujui kusema uongo, ungepata taabu."

Nikasema, "Alhamdulillahi."

Ndivyo nilivyosema. Ile kweli niliyojivunia nilimpa mgeni mwenye mfuko wa ngozi. Wewe nilikupa uongo, tena nikaufunga kwa jina la Mwenyezi Mungu. Nilikuwa na siku nzima iliyobaki. Nilikupepea, nikakugeuza, nikakusomea Yasini, na kila nilipofungua mdomo nilisema, unataka maji?

Tulikuosha wanawake watatu. Kabla jeneza halijainuliwa, nimesimama nyuma ya pazia na wenzangu, nikasikia mwalimu nje akitangaza kama ilivyo ada: mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Kimya. Akarudia, kimya. Hukuwa na deni la mtu. Ninyi wanaume, nikasema moyoni, mbona hamuulizi marehemu anamdai nani? Waulize sasa hivi. Wakiuliza nitatoka. Hawakuuliza, si ada. Wakakuinua, wakaenda.

Lililobaki ndilo linalonichoma zaidi, na ni dogo. Ile sukari. Sikuweza kuitumia, sikuweza kuitupa, ilikaa darini kwenye kaki yake. Siku ya tatu ya matanga watu wamejaa, maharage yapo, unga upo, chai ya rangi haina kitu, maana mji mzima hauna sukari. Nikapanda darini nikaishusha. Nikaitia kwenye birika kubwa mwenyewe. Unajua walisema nini? "Mama Sudi, umeitoa wapi? Mungu akulipe, umemheshimu rafiki yako." Mama Adikini alinibusu mkono. Owori alikunywa vikombe vitatu, analia, anasema, "Huyu mama alikuwa naongea mzuri kupita filamu yenyewe." Na mimi nikapita na birika, nikimimina, nikipokea shukrani.

Hayo ndiyo, shoga. Nimeyaandika.

Habari za huku. Baba Sudi alihamia Nagongera kabisa, simlaumu tena. Mtoto wa kule ni msichana na amefanana naye pua. Sudi wangu ni tandiboi wa lori la Mombasa. Mimi nilivuka mpaka mwaka uliofuata, nina chumba kimoja, nauza mchele. Owori alivuka juzi kutafuta chumvi akaniambia ukumbi ule siku hizi ni ghala la kahawa, viti vyekundu wamevitoa, na ile mikebe ya mviringo ya filamu mwoka mikate mmoja ameichukua, anaokea. Kule kwetu bado ni vile vile, watu wanaongea kwa macho. Kaburi lako sijalizuru tangu nivuke. Owori anasema nyasi zimekatwa.

Hapa Busia kuna ukumbi wa mabati. Nilikwenda mara moja, mchana, nikalipa nikakaa nyuma. Mwelezaji ni bwana mmoja mnene na bomba la kupazia sauti. "Sasa analia! Sasa anapanda gari! Sasa analia tena!" Mama aliyekaa karibu nami akaniuliza, "Dada, huyu analia nini?" Na mimi nilijua, Saada. Niliona mikono yake, alikuwa ameshika barua hajaifungua, anaogopa kilichomo. Ulinifundisha kutazama mikono. Nilitaka kumwambia yule mama. Mdomo ulikataa. Nikasema sijui, nikatoka kabla haijaisha, na tangu hapo sijaingia tena.

Mwezi wa Rajabu nilimwendea mwalimu wa hapa. Nikamuuliza kama naulizia mtu mwingine. Alinitazama, nadhani alielewa, akanistahi. Akasema yaliyo kati ya mtu na Mola wake, Mola husamehe akitaka. Lakini haki ya mja iko kwa mja. Akiwa amekufa je, mwalimu? Akasema, amwombee sana, kisha aende kwa warithi wake, aseme, awaombe radhi.

Warithi wako ni mmoja. Naye amenichagua niwe mama yake.

Jumatano anakuja nimpime gauni. Shetani ameshanijia na maneno mazuri, sikufichi. Anasema, mwache mtoto aolewe kwa furaha, umwambie baadaye. Utamharibia siku yake kwa ajili ya kujipunguzia mzigo wako. Na huenda ni kweli kwamba nitamharibia. Nimeligeuza jambo hili tangu jana, usingizi sikuupata vizuri. Lakini naona hivi: nikikaa kwenye mkeka ule kwanza, watu wakinipa mkono, wakaniita mama wa bibi harusi, halafu ndiyo nimwambie, atanisameheje? Atakuwa hana pa kunirudisha. Itakuwa ni sukari ile ile, naipitisha kwa birika.

Kwa hiyo nitamwambia Jumatano kabla sijashika futi. Nitasema yote, na la kifungo, na la Alhamdulillahi. Sitasema ilikuwa hofu. Akisema inuka, nitainuka, mkekani atakaa shangazi yake, na Ijumaa mimi nitaswali nyumbani. Akisema sikusamehe, ni haki yake kwa kuwa ilikuwa yako, nami sitamwendea tena na machozi ili anionee huruma. Gauni nitalishona kwa vyovyote vile, nitampa mtu amfikishie.

Hiyo ndiyo ahadi yangu, na nimeandika kwa wino ili nisiikane.

Buriani, Saada wangu. Mola akurehemu, akuvushe penye giza, akukutanishe na wazazi wako. Mimi nilikupenda. Najua neno hilo linakaa vibaya mwishoni mwa barua kama hii, lakini nisipolisema nitakuwa nimekuficha na hilo.

Sitaipeleka posta, posta watasema bibi kapatwa na wazimu. Naiweka chini ya mto wangu. Njoo uisome, hata kama umekasirika, hata kama huna la kusema ila kunitazama. Tafadhali nijibu upesi, kabla ya Jumatano.

Ni mimi,
Zena